Namna ya kutumia milango aliyoiacha Abdus Salam ukiwa mwanafizikia wa Afrika Mashariki

Ukimaliza digrii ya fizikia kwetu huku njia unazoambiwa ni mbili, nenda kafundishe sekondari au hamia kwenye kompyuta na benki. Kufundisha ni kazi ya heshima kabisa, siisemi vibaya, ila kuna njia ya tatu ambayo vijana wengi wanaimaliza digrii bila hata kuisikia, na imejengwa makusudi kwa ajili ya mtu kama wewe, na aliyeijenga alipitia hali hiyo hiyo unayoiona sasa hivi. Nitaeleza kidogo yeye ni nani halafu tuingie kwenye kazi yenyewe, yaani uombe wapi, uandae nini, na ukirudi nyumbani ufanyeje utafiti usife.

Abdus Salam alizaliwa 1926, akakulia Jhang, mji mdogo wa Punjab ambao leo uko Pakistan. 1946 alipata skolashipu ya kwenda Cambridge kutoka kwenye mfuko uliokuwa umebaki baada ya vita, akapanda meli mwaka huo huo, wenzake waliopata nao wakaambiwa wasubiri mwaka unaofuata, mwaka unaofuata India ikagawanyika na zile skolashipu zikapotea. Kwa hiyo nafasi ikitokea mdogo wangu usiiweke kiporo.

1951 akarudi nyumbani Lahore kufundisha hisabati, tayari anajulikana duniani kwa kazi yake kwenye nadharia ya kwantamu ya umeme na mwanga. Chuo kikamwambia utafiti asahau, achague moja, awe mlezi wa bweni, mtunza hesabu au rais wa klabu ya mpira, akachukua mpira. Hakuna majarida mapya, hakuna mtu hata mmoja wa kuongea naye fizikia yake. Kuna siku Wolfgang Pauli, mmoja wa wakubwa wa fizikia ya kwantamu, alikuwa Bombay, Salam akapanda ndege akaenda kumuona, aliporudi akakuta ameandikiwa mashtaka ya kuondoka kazini bila ruhusa. Akavumilia hadi 1954 akarudi Cambridge, na jambo hilo lilimuuma maisha yake yote kwamba ilibidi achague kati ya nchi yake na sayansi yake.

Ndo maana 1960, akiwa mjumbe wa Pakistan kwenye mkutano wa shirika la nguvu za atomiki la Umoja wa Mataifa, akapendekeza kijengwe kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia ambapo mtu wa nchi maskini atakwenda miezi kadhaa, atasoma, atabishana na wakubwa wa fani, halafu atarudi kwake akiwa na nguvu mpya. Nchi tajiri nyingi hazikutaka. Salam alikuwa anasimulia kwamba mjumbe mmoja alisema fizikia ya nadharia ni Rolls-Royce ya masomo na nchi hizi zinahitaji mkokoteni wa ng'ombe tu. Italia ndo ikakubali, kwa msaada mkubwa wa Paolo Budinich wa Trieste, na 1964 kituo kikafunguliwa pale pale Trieste. Kinaitwa ICTP na leo kina jina la Salam mwenyewe. Miaka 15 baadaye, 1979, akapata Nobel pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg kwa kuonyesha kwamba kani ya sumaku-umeme na ile kani dhaifu ya nyuklia, ile inayoliwezesha jua kuanza kuunguza hidrojeni yake, ni kitu kimoja chenye sura mbili. 1983 pale CERN, maabara kubwa ya chembe ya Ulaya, wakazikamata chembe zilizotabiriwa, W yenye uzito wa karibu mara 86 ya protoni na Z karibu mara 97. Kwao kwenyewe alikataliwa kwa sababu ya dhehebu lake la Ahmadiyya, 1974 alijiuzulu ushauri wa serikali baada ya katiba kubadilishwa kuwatoa Waahmadiyya kwenye Uislamu, na kwenye kaburi lake neno Mwislamu lilifutwa. Mtu huyu kazi yake inabeba maelfu ya wanasayansi wa nchi maskini hadi leo, na mimi naona namna bora ya kumheshimu ni kuitumia.

Jua mlango upi ni wako

Hapa ndo watu wanakosea sana, mtu ana digrii ya kwanza anaomba kitu cha wenye PhD, mwingine ana masters tayari anaenda kuomba masters nyingine.

Kama una digrii ya kwanza tu, usianze na Italia, anza na Kigali. Tangu 2018 ICTP ina taasisi mshirika pale, EAIFR, iko ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda kwenye kampasi ya sayansi na teknolojia, na iko chini ya mwavuli wa UNESCO. Wana masters ya fizikia ya miaka miwili, wanafunzi wanatoka nchi nyingi za Afrika na skolashipu zipo, wana PhD pia. Kwa mtu wa Kampala au Mwanza hii ni safari ya basi. Walimu wengine wanaenda pale kutoka Trieste na kwingineko kufundisha kozi fupi, kwa hiyo unajulikana na watu wa Trieste ukiwa bado uko Kigali, na hilo lina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Kama una masters, au digrii yako ya kwanza ni ya kiwango cha juu sana, mlango wako ni Diploma ya ICTP. Usidharau jina, hii diploma sio ile ya chini ya digrii, ni mwaka mmoja mgumu sana wa kozi pamoja na utafiti, lengo lake ni kukufikisha kwenye kiwango cha kuanza PhD popote duniani. Kuna upande wa fizikia ya vitu vigumu (condensed matter, yaani tabia za kristali, metali na vitu kama hivyo), upande wa chembe na kosmolojia, hisabati, fizikia ya mifumo ya dunia yaani hali ya hewa na matetemeko, na sayansi ya uhai kwa hesabu. Kila upande unachukua watu wachache tu. Wanalipia nauli na maisha ya huko, na kuomba ni bure kabisa, hivyo ukiona mtu anakudai hela ya fomu ya ICTP ujue ni tapeli.

Kama uko kwenye PhD tayari kwenye chuo cha nyumbani, tafuta STEP. Kwa maoni yangu hii ndo programu inayolifuata wazo la Salam kwa karibu zaidi, maana unabaki mwanafunzi wa chuo chako, una msimamizi nyumbani na mwingine huko, unaenda miezi michache kila mwaka kwa miaka mitatu, digrii inatolewa na chuo chako. Na sio nadharia tu, unaweza kwenda kwenye maabara kama Elettra, ile mashine ya sinkrotroni iliyoko Trieste hapo hapo, inayozungusha elektroni kwa kasi kubwa ili zitoe mwanga mkali wa eksirei. Hili ni kubwa kwetu kwa sababu Afrika ndo bara pekee linalokaliwa na watu ambalo halina sinkrotroni hata moja, mtu wa Dar au Nairobi akitaka kuangalia muundo wa kristali yake kwa mwanga ule lazima apande ndege.

Kina dada wana mlango wa ziada, OWSD, shirika la wanawake wanasayansi ambalo nalo liko Trieste chini ya TWAS. TWAS ni akademia ya sayansi ya nchi zinazoendelea, Salam aliianzisha 1983. OWSD inafadhili PhD za wanawake wakasome kwenye nchi nyingine inayoendelea yenye vifaa. Na TWAS yenyewe imekuwa ikifadhili PhD kwenye nchi kama China, India na Afrika Kusini. Angalia orodha ya nchi kabla ya kuanza kujaza.

Tengeneza kitu cha kuonyesha

GPA peke yake haitoshi, wote wanaoomba wana GPA. Kinachokutofautisha ni kwamba umeshawahi kushika tatizo la fizikia ukalifuatilia hadi mwisho, na hili unaweza kulifanya na laptopu yako ya kawaida bila maabara yoyote. Nitakupa mfano mmoja kamili wa fizikia ya vitu vigumu maana huko ndo naona mtu asiye na kitu anaweza kuanza kesho.

Pakua Quantum ESPRESSO. Ni programu ya bure inayohesabu tabia za elektroni kwenye kristali, na sehemu kubwa ya mizizi yake iko Trieste. Inakaa vizuri kwenye Linaksi, hivyo kama una Windows weka Ubuntu pembeni. Anza na silikoni, atomi mbili tu kwenye seli, faili la kuingiza halizidi ukurasa mmoja. Usikimbilie kuchora grafu za mapambo, kazi ya kwanza ni kuhakikisha hesabu imetulia. Pandisha ukomo wa nishati wa mawimbi, 12, halafu 16, 20, 24, 32 Rydberg (hicho ni kipimo cha nishati), andika nishati jumla kila mara, utaona inashuka halafu inaacha kubadilika. Rudia kwa k-pointi, yaani pointi za mawimbi ya elektroni ambapo programu inafanya hesabu, gridi ya 2 kwa 2 kwa 2, ya 4, ya 6, ya 8. Ukishajua pa kusimama, badilisha ukubwa wa seli kidogo kidogo kuanzia 10.0 hadi 10.5 kwa kipimo cha bohr, tafuta nishati ya chini kabisa iko wapi. Kipimo cha maabara ni karibu 10.26. Ukitumia makadirio yanayoitwa LDA utapata kidogo chini ya hapo, ukitumia PBE utapata kidogo juu.

Halafu chora kanda za nishati, yaani nishati ambazo elektroni zinaruhusiwa kuwa nazo ndani ya kristali, utakutana na jambo litakalokushtua, pengo la nishati la silikoni kwenye kompyuta yako litakuwa karibu 0.6 eV wakati ukweli wa maabara ni karibu 1.1. Wengi wakifika hapa wanadhani wamekosea mahali na wanaacha. Hujakosea, huo ni udhaifu unaojulikana wa makadirio yenyewe, na swali la kwa nini iko hivyo ndo linakuingiza kwenye fizikia ya kweli. Kaa nalo, soma, andika kurasa nne tano kwa maneno yako. Ukifika hapo tayari una kazi ya kumuonyesha mtu, na umejifunza tabia ambayo hakuna mtihani wa chuo unaoipima, ya kutoiamini namba hadi uijue imetoka wapi.

Kama wewe ni mtu wa chembe, data za wazi za CERN zipo, unaweza kupakua migongano halisi ukajichorea kilele cha Z kwa Python, ile ile chembe ya Salam, iko pale karibu na 91 GeV. Mtu wa hali ya hewa achukue data za mvua za mkoa wake. Na kozi za Diploma yenyewe zimerekodiwa, ziko YouTube bure, utamuona mwalimu anaandika ubaoni mwanzo hadi mwisho. Bando ni ghali najua, pakua usiku kwenye ofa au kwenye wifi ya chuo, kozi moja ikimalizwa na mazoezi yake yote inakufaa kuliko kumi za kuonja.

Maombi yenyewe

Fomu inajazwa kwenye tovuti yao, tarehe zinatangazwa kila mwaka hivyo fuatilia kuanzia mwezi wa kumi na usiache hadi wiki ya mwisho, mtandao unaweza kukutupa siku hiyo hiyo. Transkripti omba mapema sana, kuna vyuo karatasi hiyo inachukua wiki kadhaa za kupanda na kushuka ngazi. Pasipoti pia, usisubiri ukubaliwe.

Barua ya malengo ndo moyo wa maombi. Nimesoma barua nyingi za vijana nikiwasaidia kuzinyoosha na karibu zote zinaanza tangu nikiwa mdogo niliipenda sayansi na nilikuwa naangalia nyota. Aliyekaa upande wa pili anasoma mamia ya hizo. Anza na kazi, sema projekti yangu ya mwaka wa mwisho ilihesabu kanda za nishati za silikoni, nikapata pengo dogo kuliko la maabara, nikafuatilia sababu na sasa nataka kujifunza njia zinazolirekebisha, na nimeona kwamba kwenye kundi lenu kuna wanaoifanya kazi hiyo. Hapo umeonyesha unajua nini, umekwama wapi, na kwa nini pale na sio kwingine. Ili uweze kusema hivyo lazima uwe umefungua arXiv, tovuti ya bure ya makala za utafiti, ukasoma makala mbili tatu za watu wa pale, hata kama umeelewa utangulizi na hitimisho tu.

Barua za walimu sasa. Hapa Afrika Mashariki tunaponzwa na aibu, mtu anaogopa kumsumbua mhadhiri hadi siku mbili kabla, na mhadhiri naye ana wanafunzi mia tatu hakukumbuki, anaandika mistari minne ya jumla ambayo inakuangusha bila yeye kujua. Mwandikie mwezi mzima kabla, kwa adabu lakini kwa ukamilifu, namna hii:

Shikamoo Dokta. Naitwa fulani, nilisoma kwantamu kwako mwaka wa tatu nikapata A, na ndiye niliyeuliza kuhusu spini kwenye semina ya mwisho. Naomba Diploma ya ICTP upande wa vitu vigumu, siku ya mwisho ni tarehe fulani. Nimeambatanisha matokeo yangu, barua ya malengo na kurasa tano za projekti ili iwe rahisi kwako kuandika. Nitashukuru sana, na kama ratiba imekubana naomba unijulishe nitafute njia nyingine.

Mpe vitu vya kuandika, ndo siri yenyewe. Halafu mkumbushe wiki moja kabla, hatakasirika.

Ukikosa mwaka wa kwanza omba tena ukiwa umeongeza kitu, sio kurudisha fomu ile ile.

Ukikubaliwa, viza ya Italia ianze siku hiyo hiyo unayopata barua, na ukifika una siku 8 za kazi kuomba kibali cha kukaa, usizipoteze. Beba koti la maana, Trieste kuna upepo unaitwa bora unaomsukuma mtu barabarani kweli kweli. Ukiwa pale tumia watu, kituo kimejengwa hivyo makusudi, mbao za kuandikia ziko hadi kwenye korido ili watu wabishane, na yule mzee unayepanga naye foleni ya chakula huenda ndiye aliyeandika kitabu ulichosomea. Msalimie na umuulize swali.

Ukirudi

Sasa hili ndo gumu na ndo nataka uliwaze tangu sasa. Umoja wa Afrika umeweka lengo la kila nchi kutumia asilimia 1 ya pato la taifa kwenye utafiti, nchi nyingi hazijafika. Kenya iliandika kwenye sheria yake ya sayansi ya 2013 asilimia 2, na utekelezaji uko mbali sana na maandishi. Tanzania ina COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, tangu miaka ya 1980 na inatoa fedha za utafiti, lakini mafungu ni madogo na fizikia ya msingi inagombania na kilimo na afya ambazo faida yake mwanasiasa anaiona haraka. Matokeo yake tunayajua wote, mhadhiri ana vipindi kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, kifaa kililetwa na mradi wa nje, mradi ukaisha, kikaharibika kipuri kidogo na sasa kimefunikwa kitambaa. Lile lile la Lahore 1951, tofauti yetu ni kwamba tuna intaneti, na tuna kituo ambacho yeye hakuwa nacho.

Kwa hiyo ukirudi usikae peke yako. Makala mpya nyingi za fizikia ziko arXiv bure, jiwekee saa moja asubuhi kabla ya vipindi. Majarida ya kulipia, muulize mkutubi wa chuo kama mmesajiliwa Research4Life, mpango wa kufungulia nchi zinazoendelea majarida hayo, maana taasisi za nchi nyingi za kwetu zinaingia bure au kwa bei ndogo na kuna vyuo vimesajiliwa walimu hawajui hata nywila iko kwa nani. Anzisha kikao cha kila wiki cha kusoma makala moja, hata mkiwa watatu. Chagua tatizo ambalo halihitaji heliamu ya kimiminika ya kupoozea wala kifaa cha mabilioni, nadharia, kompyuta, seli za jua, data za matetemeko ya Bonde la Ufa ambazo Ulaya hawana bonde la kuzipata.

Na ukishakuwa na PhD na kazi kwenye chuo cha nyumbani, omba u-Associate wa ICTP. Huu ndo mlango aliouweka tangu mwanzo kabisa 1964 kwa ajili ya watu waliobaki kwao, unapewa miaka kadhaa ambayo ndani yake unaenda Trieste mara chache, kila mara wiki kadhaa au zaidi, wanagharamia, unafanya utafiti bila vipindi wala vikao, unarudi darasani kwako. Sharti kubwa ni kwamba uwe unaishi na kufanya kazi kwenye nchi inayoendelea. Kabla ya kuomba kaa na mkuu wa idara mkubaliane kwa maandishi nani atashika vipindi vyako ukiwa huko, na mwaka gani ni zamu ya nani kusafiri, maana idara yenye watu watano wakiondoka wawili pamoja wanafunzi wanaumia na ruhusa inayofuata hamtaipata.